Kwa nini majina ya wanawake ni haba kwenye nakala za kwaya

JIONI ya Jumamosi, vibarua wa viwanda vya Barabara ya Lunga Lunga, jijini Nairobi, wanaporejea Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, kazi nyingine huanza katika makanisa ya mitaa hiyo, nayo ni mazoezi ya kwaya. Apitaye nje huzisikia kwanza sauti za kina mama na wasichana, kwani ndio wengi. Hata hivyo, akiitwaa nakala ya wimbo na kutazama mahali palipoandikwa jina la mtunzi, aghalabu atalikuta la mwanamume.

Ili kuielewa hali hii, yafaa kufahamu kwanza jinsi nyimbo za Jumapili zinavyochaguliwa. Katika Misa ya Kikatoliki, utamu wa wimbo pekee hautoshi. Wimbo wa mwanzo sharti ulandane na masomo na majira ya kanisa. Utukufu hauimbwi Jumapili za Majilio wala za Kwaresima. Kuna zaburi, matoleo, Mtakatifu, Mwanakondoo, komunyo na shukrani. Orodha hiyo yaweza kufika nyimbo kumi, na mwalimu wa kwaya huijaza kutokana na rundo la nakala alizo nazo. Kwa hivyo anayeingia kanisani ni mtunzi aliyeweza kuandika sauti nne kwenye karatasi. Asiyejua kuandika muziki, hata awe na kipawa namna gani, hana nakala.

Nani basi walifundishwa kuandika? Kwa miongo mingi walikuwa waseminari, makatekista na walimu wa shule, karibu wote wanaume. Ndiyo maana majina yanayozoeleka katika kwaya za Kikatoliki za Kiswahili ni kama Bernard Mukasa na John Mgandu wa Tanzania.

Isitoshe, mlango wenyewe ulikuwa umefungwa kwa amri. Mnamo Novemba 1903, Papa Pius wa Kumi aliagiza kwamba waimbaji wa kwaya wanatekeleza wadhifa wa kiliturujia, na hivyo wanawake wasiruhusiwe kuwa wanakwaya. Kizuizi hicho kililegezwa mwaka wa 1955, na ni katika waraka wa Machi 1967, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambapo kwaya za wanaume na wanawake pamoja zilitajwa kuwa jambo la kawaida. Kwa maneno mengine, wapo nyanya Nairobi waliozaliwa kabla ya ruhusa hiyo.

Kinaya ni kwamba herufi zenyewe ambazo kwaya nyingi husomea, zile za d, r, m, f, s, l, t ziitwazo solfa, zina asili ya mwanamke. Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich, Uingereza, alibuni mfumo huo ili watoto na waumini wa kawaida waweze kuimba bila kutishwa na nota za mistari mitano, akauchapisha mwaka wa 1835. Mchungaji John Curwen aliurekebisha na kuueneza. Wamisionari wakauleta Afrika, na jina lililosafiri nao likawa la Curwen.

Makanisa ya Kiprotestanti yana hali tofauti kidogo. Humo wimbo huteuliwa kwa nambari kutoka kitabuni, na wanawake wamo tele kwenye vitabu hivyo, ingawa waumini hawajui. Wimbo unaofahamika kwa Kiswahili kama "Ndiyo Dhamana" ni kazi ya wanawake wawili wa Marekani. Phoebe Knapp alitunga sauti yake mwaka wa 1873, kisha Fanny Crosby, aliyekuwa kipofu, akaitilia maneno. Crosby aliandika zaidi ya tenzi 8,000, na wachapishaji, wakiona haya kujaza kitabu kwa jina moja, walimtumia majina ya bandia yapatayo 200.

Lakini utunzi mwingi wa wanawake wa Eastlands hauko kitabuni wala kwenye nakala. Uko katika mapambio. Mama anayeongoza sifa huongeza ubeti papo hapo, hubadilisha sauti, waumini wakamjibu; baada ya mwezi pambio hilo linaimbwa Makadara na Kayole, na hakuna ajuaye lilikotoka. Walioepuka hali hiyo ni wale waliorekodi. Marehemu Angela Chibalonza, mzaliwa wa Kongo aliyefanya makao Kenya na kufariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 2007, angali anatajwa kwa jina kila nyimbo zake zinapoimbwa, kwa sababu kanda zipo.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini kwa sharti kwamba kazi iwe imeandikwa, imerekodiwa au kuwekwa katika umbo jingine linaloshikika. Pambio lililo hewani tu halilindwi. Mtu mwingine akilipeleka studio, aliyelianzisha hana ushahidi wa kudai chochote.

Sheria haidai nota wala sauti nne. Maneno yaliyoandikwa daftarini pamoja na sauti iliyonaswa kwa simu ya mkononi siku ya mazoezi, jina na tarehe vikiwekwa, yanatosha kuwa mwanzo. Mwalimu wa kwaya naye, anapoichapa nakala, ana nafasi ya kuandika jina la aliyeuanzisha wimbo kabla ya jina la aliyeupanga sauti.