Dawa ya kupaka ya chunusi haiendi ukeni, hata kama jina ni moja

Ukiingia duka la dawa Bariadi mjini, Lamadi au Mwanhuzi ukaomba klindamaisini ya kupaka, unatakiwa uulizwe kwanza: ya usoni au ya ukeni? Usipoulizwa, sema mwenyewe. Najua aibu ipo, hasa kukiwa na foleni nyuma yako.

Klindamaisini ni antibiotiki. Inawazuia bakteria kutengeneza protini, hivyo hawakui wala kuzaliana. Ndiyo maana inatibu chunusi na pia maambukizi ya bakteria ukeni. Ila tyubu si moja. Ya usoni ina nguvu ya asilimia 1, na baadhi zina spiriti ndani, ukiipeleka ukeni itakuunguza. Ya ukeni ni krimu ya asilimia 2, inakuja na kibomba cha plastiki, na kwa kawaida huwekwa usiku wakati wa kulala kwa siku 7.

Kwa chunusi, usitegemee maajabu ya siku tatu. Mabadiliko huchukua wiki 6 hadi 8. Ukiitumia peke yake kwa muda mrefu bakteria wanaizoea, hivyo wataalamu hushauri iende pamoja na benzoili peroksaidi na isizidi wiki 12 hivi. Haiondoi madoa meusi. Na kama unapaka mkorogo wenye steroidi, huenda huo mkorogo ndio unaoleta chunusi zenyewe, utailaumu dawa bure.

Upande wa ukeni ndiko watu wanakochanganya zaidi. Siku hizi kila kitu tunaita "UTI", wakati UTI ni ya njia ya mkojo. Maambukizi ya bakteria ukeni hutokea bakteria walinzi wanapopungua na wengine wakazidi. Utaona majimaji mepesi, meupe au ya kijivu, na harufu kama ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa. Muwasho mkali na uchafu mzito kama maziwa mgando mara nyingi ni fangasi, na klindamaisini haitibu fangasi. Inaweza hata kuwaongeza.

Kujisafisha ndani kwa sabuni au dawa za kunukia kunaharibu zaidi, maana unawaondoa walinzi wale wale.

Tatizo hili lisipotibiwa linaongeza hatari ya kupata VVU, na kwa mjamzito linahusishwa na kujifungua kabla ya wakati. Mjamzito mwenye dalili hizi aseme kliniki, asijinunulie dawa.

Kuna jambo ambalo dukani ni nadra kutajwa: krimu hii ya ukeni ina mafuta yanayodhoofisha mpira wa kondomu, wakati wa matibabu na hadi siku 5 baada ya kumaliza. Pia ukianza kuharisha sana au kuharisha damu, acha dawa uende kituo cha afya. Dalili zikirudi baada ya dozi, usinunue tyubu nyingine, omba upimwe. Kipimo kinaweza kuonyesha kitu kingine kabisa.