Nasaba ya Bakteria wa Likeni

Mpita msituni aonaye utando wa kijivu uliotambaa juu ya gome la mti au jiwe aghalabu hudhani ameona mmea mmoja, kumbe likeni ile ni ushirika wa kuvu na mwani, kama alivyobainisha Simon Schwendener wa Uswisi katika miaka ya 1860, wanazuoni wengi wa zama zake wakamkanusha. Na ndani ya ushirika huo wamo bakteria pia.

Mwaka 2009 Hodkinson na Lutzoni, wachunguzi wa Marekani, waliisoma DNA iliyotolewa katika likeni, wakakuta alama za ukoo usiojulikana wa oda ya Rhizobiales, ile ile ya bakteria wafanyao vinundu katika mizizi ya kunde. Lakini alama si kiumbe. Na ilikuwa 2019 ndipo alipotangazwa rasmi Lichenihabitans psoromatis, bakteria wa ukoo huo aliyepatikana katika likeni ya Antaktika, ambaye jina lake lina maana ya mkaazi wa likeni ya Psoroma.

Kazi ya kumtambua kiumbe wa namna hii yataka subira, kwa maana kipande cha likeni husagwa, kikamiminwa juu ya chakula hafifu, kisha doa moja la bakteria huhamishwa tena na tena hata isibaki shaka kwamba ni wa asili moja. Shahidi wa kwanza ni jeni ya 16S, yenye herufi zipatazo 1,500: ikiwa haifanani na ya spishi yoyote ijulikanayo hata kwa asilimia 98.7, hiyo ni dalili kubwa ya ugeni. Walakini jeni hii hubadilika polepole mno, hata spishi mbili mbalimbali huweza kukaribiana kwayo. Kwa hiyo mimi sioni haki kuhukumu nasaba kwa shahidi huyo peke yake. Jenomu nzima hulinganishwa, na mfanano ulio chini ya asilimia 95 au 96 ndio utengao spishi na spishi, ukiungwa mkono na tabia zake: joto alipendalo, sukari alazo, mafuta ya utando wake.

Hata hivyo, sharti nilithaminilo kupita yote ni la amana: mbegu hai ya bakteria huyo huwekwa katika hazina mbili za nchi mbili tofauti, ili yeyote mwenye shaka aiombe na kuitahakiki mwenyewe. Pasipo amana hiyo, jina halikubaliwi katika kanuni ya kimataifa ya majina ya bakteria.