Bima ya gari kwa dereva mpya: Garissa bei hujulikana siku ya ajali

Swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana wa hapa Garissa wakishapita mtihani wa NTSA ni lile lile: bima ya nani ni rahisi? Nami huwarudishia swali: rahisi lini, leo unapolipa au siku utakapogonga?

Kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Uingereza, kijana wa miaka 19 aliyepata leseni juzi huulizwa umri kabla ya kutajiwa bei, na hutozwa zaidi ya mzazi wake kwa gari lile lile. Hapa Kenya, bei ya bima ya gari la kibinafsi hutegemea zaidi thamani ya gari na matumizi yake. Kijana hulipa sawa na babake na hutoka kwa ajenti akichekelea. Ugeni wake barabarani haukusahauliwa. Umeandikwa ndani ya mkataba, kwenye kifungu cha eksesi.

Eksesi ni sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla ya kampuni kutoa shilingi. Mikataba mingi humwongezea dereva aliye chini ya miaka 21 au 25, au ambaye leseni yake haijatimiza mwaka mmoja au miwili. Kila kampuni ina kipimo chake. Tuseme una gari la Sh800,000. Kampuni ya kwanza inakutoza asilimia 4, yaani Sh32,000. Ya pili inakutoza asilimia 3.5, yaani Sh28,000. (Zote zitaongeza ushuru mdogo wa serikali na stempu ya Sh40.) Utakimbilia ya pili. Lakini ya kwanza ina eksesi ya Sh20,000 na nyongeza ya Sh5,000 kwa dereva mpya. Ya pili ina Sh40,000 na nyongeza ya Sh10,000. Ukigonga nguzo na fundi akataka Sh45,000, ya kwanza itatoa Sh20,000. Ya pili haitatoa hata senti.

Zipo kampuni zinazouza kinga ya eksesi kwa pesa kidogo juu ya ada. Inafaa, lakini uliza kama inafuta pia ile nyongeza ya dereva mpya. Mara nyingi haiifuti.

Mpwa wangu alinijia na gari kuukuu la Sh350,000. "Abti, ninunue bima kubwa?" Nilimwambia hapana. Kwa gari kama hilo, ada ya chini ambayo kampuni nyingi haziishukii, ukijumlisha na eksesi, humeza sehemu kubwa ya faida. Alichukua thadi pati, iliyo lazima kwa mujibu wa Sura ya 405 ya sheria zetu, na tofauti ya pesa akaiweka kando kwa matengenezo. Thadi pati haimlipii gari lake, hilo alilielewa. Na alilipa ya mwaka mzima, kwa sababu vyeti vya mwezi mmoja mmoja ukivijumlisha vinakuwa ghali zaidi.

Sasa tuje kwenye mambo ya huku kwetu, ambayo ajenti wa Nairobi hatakutajia.

Probox ndiyo ya kwanza. Kijana ananunua bima ya gari la kibinafsi, kisha jioni anabeba abiria wa kulipa kati ya Madogo na mjini. Siku hiyo hana bima. Kampuni inaweza kukataa kulitengeneza gari, na hata ikilazimika kumlipa majeruhi, inaweza kumgeukia kijana imdai. Kama unabeba watu au mizigo kwa malipo, sema hivyo unaponunua, hata kama bei itapanda.

Halafu ngamia. Ukitoka Garissa usiku kuelekea Modogashe au Dadaab unajua ninachosema: hana taa, na miguu yake ni mirefu kiasi kwamba mwili wote huja kwenye kioo. Sheria inalazimisha bima ya kifo na majeraha ya watu. Mifugo ni mali, na bima ya mali ya watu wengine hutegemea mkataba wako na kikomo kilichoandikwa humo. Ngamia mzima sokoni huuzwa zaidi ya Sh100,000. Uliza kikomo hicho.

Tena kuna suala la wazee. Huku ajali, hasa ikiwa mtu ameumia, huishia chini ya mti na mag hujadiliwa. Ni desturi yenye hekima na imezima visasi vingi. Lakini karibu kila mkataba wa bima unakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Kijana akikubali kikaoni, huenda ukoo ukalipa na kampuni ikanawa mikono. Ninachoshauri ni kuipigia kampuni siku ile ile, kupata abstrakti ya polisi, na kuwaeleza wazee waziwazi kwamba kuna bima na kwamba jibu lake linasubiriwa. Wazee ninaowafahamu hulielewa hilo wakielezwa mapema.

Wasomaji wa Hola na Garsen hawahitaji kuambiwa kuhusu maji. Aprili 2024 basi lilisombwa na mafuriko pale Tula, upande wa Madogo, na abiria 51 wakaokolewa. Baadhi ya mikataba haihusishi mafuriko mpaka uongeze. Vivyo hivyo ugaidi, ambao kwa kawaida huondolewa na kuuzwa kama nyongeza ya sehemu ndogo ya thamani ya gari. Anayeendesha Mandera au njia ya Ijara kwenda Lamu asiiruke nyongeza hiyo ili kubana elfu mbili.

Wengi hapa hupendelea takaful, ambapo wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana na ziada ikipatikana inaweza kugawanywa. Takaful Insurance of Africa ndiyo iliyowalipa wafugaji wa Wajir fidia ya ukame mwaka 2014, na jina hilo lina heshima. Hata hivyo takaful nayo ina vifungu vya dereva mpya. Visome.

Kwa anayejifunza bado: gari la shule ya udereva lina bima yake. Gari la mjomba kwenye uwanja wa mchanga ni habari nyingine. Vibao vya L na leseni ya muda havitoshi ikiwa mkataba hautambui mwanagenzi, kwa hiyo mjomba aulize kwanza.

Na bei ikiwa chini mno, itazame kampuni yenyewe. Resolution ilianguka 2022, Xplico ikafuata 2023, Invesco 2024. Hazina ya fidia kwa wenye bima ina kikomo cha Sh250,000 kwa dai moja, na watu husubiri. Angalia orodha ya kampuni zenye leseni ya Mamlaka ya Bima (IRA), kisha mwombe ajenti akuandikie kwenye simu, kabla hujatuma pesa, mambo manne: eksesi, nyongeza ya dereva mpya, matumizi yaliyoruhusiwa na kikomo cha mali ya wengine. Akikuambia "usijali, yote yamo", nenda kwa mwingine.