Je, Wajua? Salamu Iliyovuka Bahari

"Jambo Bwana", wimbo unaomlaki mgeni kuanzia Diani hadi Malindi, ulitoka mwaka 1982, bendi yake ikiwa tayari na miaka kadhaa. Ndugu wa ukoo wa Harrison waliianzisha bendi hiyo, Them Mushrooms, wakapiga muziki kwenye mahoteli ya Pwani hadi 1987 walipohamia Nairobi. Wapo wanaoubeza: wimbo wa watalii, maneno yake salamu tupu. Lakini ujuzi wa mtunzi, Teddy Kalanda, uko papo hapo. Mgeni wa siku tatu anahitaji maneno ya kushika usiku mmoja, akaondoka nayo. Wanamuziki wa kundi la Boney M waliyashika. Toleo lao likatoka 1983. Them Mushrooms yenyewe haikuishia kwenye salamu: ilipiga rege, chakacha, hata zilizopendwa.