Mtoto Huyu ni wa Nani?

Machi 2015, katika wilaya ya Darrang, jimbo la Assam, kaskazini-mashariki mwa India, wanawake wawili walijifungua watoto wa kiume hospitali moja, asubuhi moja, wakipishana dakika chache tu. Hata uzito wa vichanga hao ulilingana: kilo tatu kila mmoja. Mama mmoja ni Mwislamu. Mwingine ni Mbodo, kabila la wenyeji wa kale wa bonde la mto Brahmaputra. Siku chache baada ya kutoka wodini, yule Mwislamu alimwambia mumewe kwamba mtoto waliyepewa si wao. Macho yake, alisema, ni ya Kibodo.

Mume alimkemea: vipi unamsema hivyo malaika asiye na kosa? Hospitali nayo ilipoulizwa ikajibu kwamba mama huyo ana matatizo ya akili, apelekwe akatibiwe. Ni jibu la zamani hilo. Mwanamke akisema jambo linaloitia ofisi aibu, huwa amerukwa na akili. Mume hakunyamaza. Alitumia sheria ya India ya haki ya kupata taarifa, akaomba kumbukumbu za waliojifungua saa zile. Akapewa taarifa za wanawake saba. Kati yao alikuwemo mama wa Kibodo aliyezaa mvulana mwenye uzito uleule, karibu dakika ileile.

Barua aliyoiandika kwenda kwa familia hiyo haikuwa barua nyepesi. Wabodo na Waislamu wenye asili ya Kibengali wamegombania ardhi ya Assam kwa miongo mingi, kila upande ukiuliza nani mwenyeji na nani mhamiaji. Mwaka 2012 ghasia zilipolipuka katika wilaya za magharibi mwa jimbo hilo, vijiji viliteketezwa na watu wapatao laki nne wakakimbilia kambini. Katika hali kama hiyo, kumwandikia jirani wa upande wa pili kwamba “nadhani mwanangu yuko kwako, na wako yuko kwangu” ni kumwambia kwamba amekuwa akimnyonyesha mtoto wa wale anaowaogopa. Familia ya Kibodo haikuamini. Iliamini siku walipokutana ana kwa ana, na mama akamtazama mtoto aliyelelewa na wenzake.

Tuseme kweli: mama wa Kiislamu alikuwa sahihi, lakini kigezo chake kilikuwa dhaifu. Ule mkunjo wa ngozi kwenye pembe ya ndani ya jicho, unaowafanya watu wengi wa Asia ya Mashariki watambulike kwa macho yao, huonekana pia kwa Wasan wa kusini mwa Afrika, na hujitokeza kwa watoto wachanga wa jamii nyingi kisha hupotea kadiri pua inavyoinuka. Kope za kichanga huvimba. Rangi ya ngozi hubadilika wiki za mwanzo. Wazazi wa Kiafrika wanajua kwamba mtoto anayezaliwa mweupe leo atakuwa maji ya kunde mwezi ujao, na ndiyo maana bibi hukimbilia kutazama ncha za masikio. Kumpanga mtoto wa siku saba katika kabila kwa kumtazama ni kubahatisha. Safari hii bahati ilisadifu ukweli.

Ukweli wenyewe ulipatikana maabara. Kipimo cha vinasaba hakitazami macho wala nywele. Katika vinasaba vya kila binadamu kuna sehemu ambazo vipande vifupi vya maandishi ya urithi hurudiwarudiwa, na idadi ya marudio hutofautiana baina ya mtu na mtu. Katika kila sehemu mtoto hubeba nakala mbili: moja ya mama, moja ya baba. Maabara hulinganisha sehemu kumi na tano au zaidi. Ikiwa mama ana marudio 12 na 15 mahali fulani, na mtoto ana 9 na 11, hakuna alichokichukua kwa mama pale. Tofauti moja peke yake inaweza kuletwa na badiliko la ghafla la kinasaba, kwa hiyo wataalamu hawatoi hukumu kwa hiyo moja. Zikirundikana, shauri limekwisha.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Makundi ya damu aliyoyagundua Karl Landsteiner mjini Vienna mwanzoni mwa karne ya 20 yaliweza kusema “hapana” lakini si “ndiyo”. Mzazi wa kundi AB kwa kawaida hawezi kuzaa mtoto wa kundi O. Lakini mtoto wa O anayelelewa na wazazi wa O anaweza kuwa wao, na anaweza pia kuwa wa mamilioni ya wengine. Mlango wa “ndiyo” ulifunguliwa mwaka 1984, Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester alipovumbua alama za vinasaba. Kesi ya kwanza kutumia uvumbuzi wake haikuwa ya mauaji. Ilihusu mvulana aliyerudi Uingereza kutoka Ghana, ambaye maofisa wa uhamiaji hawakukubali kwamba mwanamke aliyemwita mama ni mama yake. Kipimo kilithibitisha kwamba ni mwanawe wa kumzaa. Yaani tangu siku yake ya kwanza kazini, sayansi hii ilikutana na watu waliokwisha kuamua kabla ya kupima.

Kwa Assam, kipimo cha kwanza, alicholipia baba mwenyewe, kilionyesha kwamba mkewe na mtoto hawana uhusiano wa damu. Hospitali ikasema hakina nguvu kisheria. Ikabidi polisi waingie, damu ichukuliwe upya kwa familia zote mbili, karatasi zikosewe na kurekebishwa, hadi mwishoni mwa 2016 majibu rasmi yakaja: watoto walibadilishwa. Wakati huo walikuwa wanatembea na kuita mama.

Kwingineko, familia iliyobadilishiwa mtoto iligeuziwa kidole yenyewe. Mwaka 1994, katika kliniki moja mjini Cannes, Ufaransa, watoto wawili wa kike waliwekwa pamoja chini ya taa za kutibu umanjano wa watoto wachanga, wakarudishwa kwa mama wasio wao. Mama mmoja, binti wa miaka 18, aliona nywele za mtoto zimebadilika, akaambiwa ni taa. Mtoto alipokua na ngozi yake ikawa nyeusi kuliko ya wazazi wake, kijiji kilianza kunong'ona kwamba ni wa tarishi wa posta. Baba naye akaingiwa na shaka. Huku kwetu wazee walijua uchungu wa minong'ono ya namna hii, wakasema kitanda hakizai haramu, lakini methali haimzuii mtu kuhesabu rangi za ngozi. Miaka kumi baadaye baba aliomba kipimo, na majibu yakawashangaza wote: si mtoto wake, wala si wa mama. Wazazi waliomzaa, wenye asili ya kisiwa cha Réunion, waliishi si mbali na pale, wakimlea binti mweupe. Februari 2015 mahakama ya Grasse iliamuru familia hizo zilipwe yuro milioni 1.88. Fedha hiyo haikurudisha miaka kumi ya mwanamke kuitwa malaya na watu ambao leo, nadhani, hawakumbuki kama walisema lolote.

Je, watoto warudishwe? Wazazi wa Assam waliona jibu ni dhahiri. Januari 2018, wavulana wakikaribia miaka mitatu, walikwenda mahakamani kubadilishana. Watoto walilia na kung'ang'ania walipozoea. Familia zikarudi kwa hakimu na tamko la pamoja: kila mmoja abaki na aliyemlea, na nyumba hizi mbili ziendelee kutembeleana. Wakikua, wataamua wenyewe.

Utafiti unaoeleza kilio kile ulianza kwa jirani zetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikwenda Uganda, akatembelea familia za Waganda vijijini karibu na Kampala, akiwatazama watoto 28 na mama zao, mwezi baada ya mwezi. Aliona kwamba mtoto hazaliwi akiwa ameshikamana na mtu. Mshikamano hujengwa na mkono unaomjibu anapolia, na katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza huwa umeshika kiasi kwamba mtoto hulia mlezi wake akitoka mlangoni na kumfuata kwa magoti. Kitabu chake cha 1967 kuhusu watoto hao kimekuwa mojawapo ya misingi ya elimu ya malezi duniani. Kwa kila mvulana wa Assam, mkono uliojibu ulikuwa wa mwanamke aliyemlea. Mahakama ingeweza kuamua vingine, lakini mwili wa mtoto ungepinga hukumu.

Na si mshikamano tu unaotoka kwa mlezi. Hata jicho la kutambua “watu wa kwetu” hufunzwa. Wachunguzi wamegundua kwamba mtoto mchanga hapendelei sura za jamii yoyote, ila akifika miezi mitatu hukazia macho zaidi sura zinazofanana na za watu wanaomzunguka. Nchini Ufaransa walipimwa watu wazima waliozaliwa Korea na kuasiliwa na familia za Kifaransa wakiwa na umri kati ya miaka mitatu na tisa. Walitambua sura za Wazungu vizuri kuliko za Waasia, kinyume cha Wakorea waliokulia kwao. Huenda basi mvulana wa damu ya Kibodo anayelelewa na Waislamu akawatofautisha Waislamu kwa urahisi, na Wabodo akawaona wote wamefanana. Wanaodai kwamba ubaguzi uko damuni watafute hoja nyingine. Richard Lewontin alipopima tofauti za urithi za binadamu mwaka 1972, alikuta takribani asilimia 85 ziko ndani ya kila jamii, baina ya watu wanaojiita ndugu.

Kanada ina mfano mkali kuliko yote. Mwaka 1955, katika hospitali ya mji mdogo wa Arborg, jimbo la Manitoba, wavulana wawili walibadilishwa. Mmoja, mtoto wa wazazi wenye asili ya Ukraine, alilelewa na familia ya Kimeti, jamii iliyotokana na wenyeji wa asili na Wazungu. Mwingine, mwenye damu ya wenyeji wa asili, alikulia kwa wenye asili ya Ukraine. Wa kwanza alidharauliwa kama mtoto wa wenyeji, kisha serikali ikamchukua nyumbani kwao na kumpeleka kwa familia ya Kizungu, chini ya mpango uliowaondoa maelfu ya watoto wa wenyeji makwao. Wa pili aliepushwa na hayo yote. Walijua ukweli wakiwa wazee, kupitia vipimo vya vinasaba vya kujifanyia nyumbani. Machi 2024 Wab Kinew, waziri mkuu wa Manitoba, mwenyewe akitoka jamii za wenyeji wa asili, aliwaomba radhi kwa niaba ya serikali. Maofisa waliomtoa yule mtoto nyumbani kwake waliamini wanamwokoa na uenyeji wake. Hawakujua kwamba kwa mizani yao wenyewe walikuwa wamemshika Mzungu.

Makosa haya yanazuilika, na kinga yake ni rahisi: kitambulisho chenye jina la mama kifungwe mkononi mwa mtoto humohumo chumba cha kujifungulia, kabla hajatenganishwa na mama, kisha wakae pamoja usiku na mchana. Tangu 1991 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamesisitiza mama na mtoto wasitenganishwe, hasa kwa ajili ya kunyonyesha, lakini faida hii nayo imo. Ukienda kujifungua, au ukimsindikiza mkeo au dada yako, soma kitambulisho hicho wewe mwenyewe kabla mtoto hajatoka chumbani. Shaka ikizuka baadaye, nchini Tanzania vipimo vya vinasaba hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2009, na maombi hupitia kwa watu kama wakili, ofisa ustawi wa jamii au mahakama. Nenda huko na mwenzako, mkiwa wawili, kabla hujamwuliza mkeo mtoto huyu kafanana na nani.