Je, Wajua? Utumbo Uliofunga Saumu

Je, wajua kwamba utumbo mwembamba ndio mrefu kuliko utumbo mpana? Wembamba wake ni wa kipenyo tu. Ukitolewa kwenye maiti ya mtu mzima na kunyooshwa, hufika mita 6 au 7. Utumbo mpana ni mita 1.5 hivi. Katika mtu aliye hai utumbo mwembamba huwa mfupi zaidi, kwa sababu misuli yake imekaza.

Je, wajua kwamba Waswahili wa zamani waliuita uchango, au uchengelele? Wingi wa uchango ni chango, na chango ni jina la minyoo mirefu ya tumboni pia. Minyoo hiyo makao yake ni humohumo, kwenye utumbo mwembamba. Hapa Lanet, Nakuru, neno hilo hulisikii. Jioni, penye jiko la mutura, yote huitwa matumbo.

Je, wajua kwamba madaktari huugawa utumbo mwembamba sehemu tatu? Kipande cha kwanza ni duodenamu, na jina hili nalipenda kuliko yote. Herophilus, tabibu Mgiriki wa Alexandria, alikipima yapata miaka 2,300 iliyopita akapata upana wa vidole 12 vilivyolazwa pamoja, kama sentimita 25. Akakiita kwa hesabu hiyo. Matabibu Waarabu walipotafsiri vitabu vya Wagiriki wakaiacha hesabu kama ilivyo, ithna-ashari, na Walatini nao wakaigeuza kwa lugha yao. Sasa msikilize mzee wa pwani akihesabu: edashara, thenashara. Thenashara ndiyo ithna-ashari. Neno linalomtoa jasho mwanafunzi wa udaktari, maana yake tayari imo kinywani mwa bibi wa Lamu.

Je, wajua kipande cha pili kimefunga? Waliopasua maiti zamani walizoea kukikuta kitupu, wakakiita mfungaji: kwa Kilatini jejunamu, kwa Kiarabu as-saim, shina lilelile lililotupa saumu.

Cha tatu ni ileamu, kutokana na neno la Kigiriki la kuviringika. Usikichanganye na iliamu, mfupa wa nyonga. Herufi moja tu inayatenganisha majina hayo. Taifodi ikikomaa bila tiba, ileamu ndiyo inayoweza kutoboka. Vitamini B12 nayo hufyonzwa mwishoni mwa kipande hiki.

Je, wajua kwamba “vidonda vya tumbo” mara nyingi haviko tumboni hasa, bali kwenye duodenamu? Madaktari Barry Marshall na Robin Warren walituzwa Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria, *Helicobacter pylori*, ndiye chanzo kikubwa. Kwa kuwa jina hilo hupotosha, ukimwona daktari, usiishie kusema “tumbo linauma”. Weka kidole palipo na maumivu, na useme kama yanakuja ukiwa na njaa au baada ya kula. Neno tumbo limebebeshwa mzigo mkubwa mno.

Je, wajua kwamba utumbo mwembamba wa ng'ombe hufika mita 40? Hili linastahili kujulikana Lanet, penye kituo cha utafiti wa ng'ombe wa nyama cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo.

Ng'ombe wa hapa ni wa tangu kale. Mwaka 1957 mwanaakiolojia Merrick Posnansky alichimba Lanet kwenye mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa kale, ambayo wataalamu wanasema yalikuwa mazizi, na vyungu vya aina iliyopatikana humo vikaitwa kwa jina la Lanet. Wafugaji wa namna hiyo walihitaji utumbo wa kumudu maziwa. Utandoni mwa utumbo mwembamba hutengenezwa laktasi, kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, na kwa watu wengi duniani hupungua baada ya utoto. Sukari isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, tumbo likajaa gesi na kuharisha kukafuata. Mwaka 2007 mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wana badiliko la jeni linaloiacha laktasi ikitengenezwa hadi utu uzima, badiliko lililozuka huku Afrika, mbali na lile la Wazungu.

Na asiyejaliwa badiliko hilo? Kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa, humpunguzia kazi: bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya sukari hiyo kabla hajaonja.