Masta ya juu, masta ya chini: Istilahi za klachi gerejini

Wiki hii naomba tuingie gerejini. Mwenye gari la Morris Minor, lililoundwa Uingereza kuanzia 1948 hadi 1971, akichoshwa na klachi ya vyuma na kutaka ya oili, vipuri atakavyopewa vitategemea maneno atakayotumia dukani. Hapo ndipo istilahi hugusa mfuko.

Katika mpango wa kiwandani, pedali husogeza chuma, chuma kikazungusha mhimili mdogo uliofungwa baina ya fremu na giaboksi, nao mhimili ukasogeza uma unaoachanisha klachi. Viungo hivyo vikilika, pedali hulegea. Isitoshe, injini hukalia raba; ikicheza, vyuma navyo huvutwa, na gari huondoka likitetemeka.

Oili huondoa karaha hiyo. Pedali husukuma pistoni ndani ya silinda moja. Oili ya breki hupitia paipu inayonyumbuka na kusukuma pistoni ya silinda ya pili, kando ya giaboksi. Injini icheze itakavyo.

Mafundi wetu huziita masta ya juu na masta ya chini. Nayapenda majina haya kuliko ya Kiingereza, ambacho huiita ile ya pili mtumwa. Ila yanasema silinda ziko wapi, si zinafanya nini. Tena katika Minor pedali zimeshikizwa chini ya sakafu, hivyo hiyo "ya juu" yaweza kufungwa huko huko chini!

Napendekeza tuazime kutoka taaluma ya tafsiri: silinda chanzi na silinda pokezi, kama tusemavyo lugha chanzi na lugha pokezi. Tuseme chanzi ina kipenyo cha milimita 15.9 na pokezi milimita 22.2. Eneo la pistoni pokezi ni karibu maradufu, kwa hiyo nguvu huongezeka karibu mara mbili, huku mwendo ukipungua kwa takriban nusu. Pokezi ikiwa kubwa mno, pedali itakuwa laini ajabu lakini klachi haitaachana, na gia zitasaga. Ukizigeuza ukubwa, mguu utakoma: pedali ngumu, na uma utasukumwa kupita kiasi.

Mwisho hewa hutolewa kwenye paipu, maana hewa hubonyea. Gerejini wanaita kublidi. Sina ugomvi na neno hilo, mradi aliyekanyaga pedali na aliyelala chini ya gari wanaelewana.